Kopo la Chumvi

6 Februari

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti langu la kulia bado linanigomea asubuhi, lakini nikishalibembeleza kwa maji ya moto hukubali kunifikisha sokoni na kunirudisha. Masikio ndiyo yaliyokwisha kuaga. Juzi jirani alinipigia kelele dirishani kwamba sufuria yangu inaungua, nami nikamjibu kwamba namshukuru, na yeye pia awe na siku njema. Kwa hiyo tuendelee na karatasi. Simu ni ya wenye masikio.

Sasa jambo lenyewe. Malipo yangu ya uzeeni yamepunguzwa, na ninachowatumia kila mwezi kitapungua kwa theluthi. Nilipokuja kwenu Desemba nilikaa siku tisa, na siku zote tisa nilitazama pipa lenu la taka. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika stoo ya dawa ya hospitali. Kutazama kinachoingia na kinachotoka ni ugonjwa wangu. Nyumba ya watu watatu, mama yako, wewe na mwanao Chiriku, ilijaza pipa kwa mifuko ya nailoni, chupa za maji na vifuko vya mafuta ya kupikia vya siku moja moja. Mafuta ya kifuko ni ghali kuliko mafuta unayopimiwa kwenye chupa yako. Maji ya chupa ni maji ya bomba yaliyovalishwa nguo. Ninyi mnanunua plastiki, mpwa wangu, na chakula mnapewa kama nyongeza.

Basi maji yachemshwe na kupozwa nyumbani. Mafuta yapimwe. Mtu asitoke kwenda sokoni bila kikapu. Sabuni ya maji iachwe, sabuni ya mche irudi. Mabaki ya chakula yafunikwe kwa sahani.

Mkishindwa kuishi kwa kilichopo, nitamchukua dada yangu aje akae kwangu, nawe utatafuta chumba kimoja karibu na kazi yako. Sipendi iwe hivyo. Najua anavyoipenda nyumba yake. Lakini siwezi kuzibeba nyumba mbili.

Mpe mama yako shikamoo yangu. Mstari aliouongeza kwa mkono wake chini ya barua yako nimeuona. Umeanza mahali pake, ukapanda, ukaishia juu ya maneno yako. Nimekikata kipande hicho, nimekisahihisha kwa wino mwekundu, nakirudisha humu. Dada ndiye aliyenifundisha kuandika. Sipendi aniandikie kama mtu anayepanda ngazi.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Huku kwa dobi pasi mbili zimekufa, kwa hiyo sisi wapiga pasi sita tunagawana nne, na shuka za hoteli hazijui kusubiri. Chiriku ameng'oka jino la mbele. Anaongea vilevile bila kituo, ila sasa maneno yanatoka na upepo.

Tumefanya uliyosema. Siku ya kwanza nilipopeleka chupa dukani mwenye duka aliniuliza mbele ya watu, "Mama Chiriku, leo umekuja kununua mafuta au kuniuzia?" Nikamwambia nimekuja kununua mafuta, kifuko amwachie mkewe. Watu walicheka, naye akanipimia vizuri. Kazini shuka zilizochanika hutupwa, basi nimeomba tatu, nimeshona mifuko saba ya sokoni. Maji tunachemsha jioni na kuyafunika. Mwezi huu kilichobaki kimemnunulia Chiriku viatu vya shule, na bado hatujalala njaa hata siku moja. Nilitaka kukukasirikia, Mjomba, lakini nimekuta una haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Nina ombi moja tu. Vikopo vya mama vya jikoni, vile vya siagi na aiskrimu anavyowekea chumvi na sukari, naomba vibaki. Ni vya zamani, hatuvinunui, havimgharimu mtu. Amevizoea.

Kipande chako cha wino mwekundu nilimpa. Alikishika kwa vidole kwa muda mrefu, akasema, "Mwambie wino ni mzuri." Safari hii hakuongeza mstari kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imenifurahisha, na mimi si mtu wa kufurahishwa na barua. Mifuko ya shuka ni akili. Mwambie Chiriku jino litaota, aupumzishe mdomo lipate nafasi.

Ombi lako nimelikataa. Vikopo vile nimeviona: vimekwaruzika, vimepasuka, kimoja kina alama za meno. Chakula hakihifadhiwi katika plastiki ya namna hiyo. Tena katika stoo yangu palikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: chombo chenye jina la kitu kingine ni uongo wenye kifuniko. Nilifungua kopo lililoandikwa siagi, nikakuta chumvi. Nilifungua lililoandikwa aiskrimu, nikakuta sukari. Hospitalini mtu angekufa kwa hilo.

Hospitali ilikuwa inatupa chupa za zamani za kioo zenye mdomo mpana. Nimeziomba. Ni ishirini na nne, kimo kimoja, vifuniko vya bati vya aina moja. Nimezichemsha zote. Kila moja nimeibandika karatasi na kuiandika kwa herufi kubwa: CHUMVI, SUKARI, MAJANI, MCHELE, na kuendelea. Zinakuja kwa gari la mizigo, zimefungwa katika nguo zangu za zamani, ambazo nazo mtapata matambara.

Ndani kuna karatasi ya kutengeneza sabuni. Mafuta yaliyokwisha kukaangia msiyamwage, yachujwe. Mtanunua magadi makali ya sabuni, yale wenye duka wanayoyaita kostiki. Soma karatasi mara tatu kabla ya kuanza. Kostiki ina chupa yake, nimeiandika SUMU kwa wino mwekundu. Ikae rafu ya juu, peke yake. Kwa macho inafanana na chumvi ya mawe, kwa hiyo karatasi isibanduke.

Vikopo viuzwe kwa mnunuzi wa plastiki. Nisisikie hata kimoja kimebaki.

Mjomba wako


2 Aprili

(Barua hii iliandikwa, haikupelekwa posta.)

Mjomba,

Shikamoo. Chupa zimefika, hata moja haijavunjika. Ni nzuri. Nimezipanga mezani nikazitazama, nikalia.

Mama haoni. Nimeliandika, sasa nipumue. Si giza tupu. Anajua dirisha liko wapi, anajua kama taa inawaka. Zaidi ya hapo ni ukungu. Mwaka juzi daktari alisema presha ya macho imeshayala, na kilicholiwa hakirudi. Desemba, siku zako zote tisa, alikuwa anakuigizia. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Ulipomwonyesha picha ya marehemu mkeo akasema, "Hapa alipendeza," ni mimi niliyekuwa nyuma yake nikimminya bega.

Vikopo ndiyo macho yake. Chumvi iko katika kopo la siagi ambalo Chiriku aling'ata kifuniko chake alipokuwa anaota meno. Mama anapeleka mkono rafuni, anapapasa meno ya Chiriku, anajua hii ni chumvi. Sukari ina kopo la pembe nne. Majani yana kifuniko cha kuzungusha. Anapika kuliko mimi ninayeona. Sasa chupa zako ishirini na nne ni mapacha, na karatasi zako nzuri kwake ni ukuta mweupe.

Nilimwambia nitakuandikia ukweli. Akasema, "Akijua atanichukua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe lenyewe nitalionea wapi? Kwake nitakuwa mzigo uliokaa kwenye kiti. Hapa jikoni kwangu bado ni mtu." Kisha akasema, "Niapie." Sijaapa. Naandika haraka kabla hajaniuliza tena.

Mjomba, mwachie vikopo vyake. Na ukimwachia, usimwambie kwa nini.

Mpwa wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Chupa zimefika salama na tumezipanga zote. Jikoni sasa panang'aa kama duka la dawa. Chiriku anakaa mbele ya rafu anasoma karatasi kwa sauti, kila siku, mpaka nimemwambia hata mchele umeshajijua jina lake.

Vikopo nimeviuza. Mama ndiye aliyesema viende. Alisema, "Mimi na vikopo tulijuana, na vioo tutajuana." Nimemwekea kila kitu kwa mpango mmoja usiobadilika: chumvi ya kwanza kutoka ukutani, sukari ya pili, majani ya tatu. Ni kwa ajili ya urahisi tu.

Sabuni nitajaribu mwisho wa mwezi nikipata siku ya mapumziko.

Mama anaitikia shikamoo yako. Hakuongeza mstari, alikuwa amelala.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, labda limechoka kama mimi. Nimefurahi kuhusu mpango wa rafu. Mpango usiobadilika ndio uhai wa stoo.

Nimepiga hesabu zangu upya. Mkiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, hakutakuwa na haja ya kumhamisha mama yako. Mwambie hivyo kwa maneno yangu haya: nyumba yake ni yake.

Lakini sasa ni barua mbili hajaongeza mstari. Mara unga, mara usingizi. Kama amekasirishwa na wino mwekundu, aseme. Mimi nilikasirishwa na wino wake tangu nikiwa na miaka sita, na sikunyamaza hata siku moja.

Mjomba wako


11 Juni

Mpwa wangu,

Wiki sita zimepita. Posta ya kwenu haijafungwa, nimeuliza. Kama ni uvivu, ni aibu. Kama ni jambo, jirani yangu ana simu na namba yake unayo. Andika.

Mjomba wako


24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Chiriku ni mzima. Mimi ni mzima. Mama yuko hospitali tangu tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano.

Ilikuwa kosa la jikoni. Chupa zilichanganyika. Mama alikuwa anapika maharage, akataka chumvi, akachota kostiki. Kabla ya kuitia chunguni alionja, kama kawaida yake. Ulimi wake siku hizi si mkali, kwa hiyo yeye huonja kwa kuchota hasa, si kwa kugusa. Akameza kabla hajajua.

Mimi nilikuwa kazini. Chiriku alirudi shule akamkuta amekaa chini, chungu kimepinduliwa, maharage yote sakafuni. Hakuwa na uhakika kama kuna kilichoingia chunguni, basi alikimwaga chote mtoto asije akala. Ile chupa alikuwa ameifunga kwa nguvu na kuibana kati ya magoti. Chiriku anasema alipotaka kuichukua, bibi yake alimpiga kofi la mkono. Ni mara ya kwanza maishani kumpiga. Hakuweza kumwambia kwa nini, mdomo ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Koo limeungua na limeanza kujifunga. Hawezi kumeza hata mate. Wamemtoboa tumboni, wamempitishia mpira mwembamba, na anapewa uji mwepesi kwa bomba la sindano kila baada ya saa tatu. Sauti haipo. Ukimwuliza jambo anakuminya mkono: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Sikupiga simu kwa jirani yako. Nilishika simu mara nyingi.

Mpwa wako


4 Julai

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sijui nilisimama muda gani.

Nitakuuliza maswali matatu, nawe utanijibu yote matatu. Chupa hazichanganyiki zenyewe. Ile ilikuwa rafu ya juu, peke yake. Nani aliishusha? Ilikuwa imeandikwa SUMU kwa wino mwekundu, herufi za kimo cha kidole. Karatasi ilibanduka? Na kama haikubanduka, kwa nini dada yangu, mwalimu wangu, hakusoma?

Usiniandikie kwamba ilikuwa kosa la jikoni. Jiko halina mikono.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama ametoka hospitali, tuko naye nyumbani. Kila saa tatu ananyweshwa. Kazini wamenipa wiki mbili bila malipo, zinaisha Ijumaa.

Swali la kwanza. Mimi ndiye niliyeishusha. Asubuhi ile nilikuwa nianze sabuni ya pili. Nilikwisha kuyachuja mafuta, nikaishusha ile chupa, gari la kazi likapiga honi nusu saa kabla ya wakati kwa sababu hoteli ilikuwa na wageni wengi. Meza ilikuwa imejaa. Nikaisukuma chupa kwenye rafu ya chini, mwanzoni kabisa, pale ukutani, ili isipinduke. Chumvi ikasogea ikawa ya pili. Niliona nimeiweka mahali salama. Ni mimi niliyemfundisha mama kwamba ya kwanza kutoka ukutani ni chumvi. Alifuata mpango. Mpango ndio niliouvunja, nikapanda gari, nikapiga pasi shuka mpaka saa kumi.

Swali la pili. Karatasi haikubanduka. Ipo mpaka leo, safi kama ulivyoiandika.

Swali la tatu. Naambatanisha barua niliyokuandikia tarehe mbili Aprili. Utaona kwamba bahasha imeandikwa jina lako na stempu ipo. Niliibeba mpaka mlangoni mwa posta. Mama alikuwa ameniuliza tena asubuhi ile, nami nikaapa. Mstari wa mwisho wa barua iliyofuata, kwamba alikuwa amelala, ni uongo, na unga wa mikononi ni uongo pia.

Sasa umejua. Nimejaribu kusema kwamba nilikuwa namlinda. Nikimtazama na ule mpira tumboni sioni nilimlinda na nini.

Mpwa wako


8 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti sijui likoje, sijalisikiliza.

Barua yako ya Aprili nimeisoma. Umekiri lako, nami nakiri langu, na usije ukanijibu kwa kunifariji.

Nilijua. Sikujua kama mtu anavyojua tarehe, ila nilijua. Dada yangu hakuwahi kuandika nje ya mstari maisha yake yote. Alinichapa vidole kwa rula kwa ajili ya mstari. Nilipouona mstari wake ukipanda ngazi, jambo fulani liliniambia kuna kitu, nami nikachukua wino mwekundu kwa sababu wino ni rahisi kuliko kuuliza. Kama ningeuliza na ukanijibu, ningelazimika kumchukua, na sikuwa tayari. Nilimtisha kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikwepa. Kipande kile alikishika kwa vidole, uliniandikia. Nilisoma neno "vidole" nikalipita.

Ule mpira wa tumboni naufahamu. Niliutoa stooni mara elfu, nikaandika namba yake kitabuni, nikageukia kitu kingine. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa mpira kuna mtu. Ni plastiki, mpwa wangu. Nyumba ile nimeifuta plastiki yote, ikabaki hiyo moja inayomlisha.

Hawezi kukaa peke yake saa tatu, na wewe huwezi kuacha kazi. Mimi niko nyumbani siku nzima, na kazi ya mpira ule nitaiweza. Tarehe thelathini nitakuja kumchukua. Mwulize kwanza. Akikuminya mara mbili niandikie haraka, nitafikiri jambo jingine, ingawa sijui ni lipi.

Nimeisafisha rafu moja ya chini, kimo cha mkono wake akiwa amekaa. Jana nimekwenda kwa mnunuzi wa plastiki. Akaniuliza, "Mzee, unauza nini?" Nikamwambia nanunua. Akasema, "Watu wote wanaleta, wewe unachukua? Kwenu hakuna taka?" Sikusikia vizuri, alirudia kwa kelele na watu wakacheka. Wacheke. Nimepata kopo moja la pembe nne, na moja la kifuniko cha kuzungusha. Niandikie vilivyobaki, kimoja kimoja, jinsi vilivyokuwa mkononi, si machoni. Ataweza kujua walau kitana kiko wapi, na kitambaa, na marashi yake.

Lile la meno silipati.

Mjomba wako


23 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nilimwuliza. Nilimshika mkono nikamwambia yote uliyoandika, hata wino, hata mnunuzi wa plastiki. Niliposimulia la mnunuzi mabega yake yalitikisika, nadhani alicheka. Kisha nikamwuliza kama atakwenda. Hakuniminya mara moja, hakuniminya mara mbili. Aliuacha mkono wake ndani ya wangu, umelegea. Nilisubiri mpaka uji wa saa kumi ukafika. Basi njoo.

Jana aliomba kwa ishara apelekwe jikoni. Nilimshika tukahesabu hatua. Alipapasa rafu tangu ukutani mpaka mwisho, chupa zote, polepole, kama mtu anayewaaga watoto waliolala. Ile ya SUMU haipo, nimeizika. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaweka kiganja mahali pa kwanza, patupu, akakiacha hapo.

Vikopo ni hivi. La pembe nne umelipata. La kuzungusha umelipata. Kuna la mviringo, refu, lenye mistari ya kwenda chini kama kitambaa cha kodroi. Hilo lilikuwa la mchele. Kuna dogo la mafuta ya kujipaka, kifuniko chake kina shimo katikati linaloingia ncha ya kidole. Kuna lenye mpini wa waya uliofungwa uzi. Mengine hayakuwa na maana.

La meno nimekwenda kulitafuta mwenyewe kwa aliyenunua vikopo vyetu. Viliyeyushwa zamani. Nilirudi nikamkuta Chiriku ameketi mlangoni na kopo la siagi aliloliomba kwa jirani, anakitafuna kifuniko. Nikamwambia, "Wewe, una wazimu?" Akasema, "Nilikitafuna nilipokuwa mtoto, naweza kukitafuna tena." Amekitafuna pande zote mpaka fizi zikatoka damu. Alama zake si zile. Zile zilikuwa meno mawili madogo ya mtoto mchanga. Hizi ni kubwa, na katikati pana pengo la lile jino la Februari, bado halijaota.

Tulimpa bibi yake. Alipitisha kidole ukingoni, akalifikia pengo, akasimama hapo. Akaupeleka mkono kwenye mdomo wa Chiriku akalitafuta pengo lenyewe kwa kidole kilekile, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza.

Analikumbatia hilo kopo hata akilala, kwa hiyo atakuja nalo. Usitie chumvi ndani. Haonji tena kitu chochote, na uji unaopita tumboni hauna ladha kwa mtu. Lakini kwenye ile rafu uliyoisafisha, Mjomba, liwe la kwanza kutoka ukutani, na mtu asilisogeze.

Mpwa wako